Tupeane uzoefu: boti ndogo ya tanga, mashine ya HP ngapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Kyela, nina boti ya mbao ya tanga, futi 18. Ikibeba watu na mizigo haizidi tani moja. Niliazima mashine ya HP 15 nikijua nitapaa. Wapi! Ina kilo 50 hivi, ni kama umening'iniza mfuko wa saruji nyuma. Pua ikatazama milima ya Livingstone, maji yakaanza kuchungulia ndani. Simu inasoma kilomita 10 kwa saa, nikiongeza mafuta haisogei zaidi. Nimeirudisha. Nyie mlifunga ngapi?

Wa Matema: Boti ya tanga ina tumbo, mkuu. Inasukuma maji, haipandi juu yake kama boti za mwendokasi, kwa hiyo ikifika ukomo wake utachoma petroli bure. Wengi hupiga hesabu ya HP 4 kwa tani. Ila usibane sana. Mimi nilianza na HP 2.5, asubuhi maji yakiwa shwari ilinitosha kabisa. Mwezi wa saba upepo wa mwera ukanikuta natoka Ikombe. Saa nzima naangalia mwembe uleule pale ufukweni! Sasa nina HP 5, na ule mwembe naupita.

Wa Mtera: Mnaongelea HP tu, mguu je, ule urefu wa mashine kwenda chini majini? Nilipata mashine ya bei chee, mguu mfupi, inchi 15. Ubao wangu wa nyuma ulitaka 20. Kila wimbi likinyanyua boti pangaboi linatoka nje, mashine inalia kama pikipiki iliyokatika cheni. Kabla hujatoa hela, pima kuanzia juu ya ubao unapoifunga hadi chini ya boti.

Wa Itungi: Na pangaboi liwe la kusukuma mzigo, lenye hatua fupi, yaani likizunguka mara moja linasogea kidogo. Lile la mbio litaichosha mashine ndogo. Halafu nyie vijana, tanga mmelifanya chandarua?

Mwenye uzi: Ndaga fijo (asante sana), mzee wangu, tanga lipo, lina kiraka kimoja tu. Nimetoka kupima sasa hivi kwa futi ya fundi seremala: inchi 19 na nusu. Basi natafuta HP 5 au 6, mguu mrefu. Mwenye nayo Mbeya mjini aandike bei hapahapa, mambo ya "njoo inbox" sitaki.