Jenerali Benjamin Butler: sifa ya Fort Monroe ni yake, au tunamvika taji la wengine?

Wakuu, huyu Benjamin Butler, jenerali wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wengine humwita mkombozi, wengine katili wa New Orleans. Msimamo wangu ni huu: kwa alilolifanya Mei 1861 anastahili heshima. Anayepinga aje na hoja.

Usiku wa Mei 23 mwaka huo, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend walivuka maji kwa mashua ndogo hadi ngome ya Fort Monroe, Virginia, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Marekani chini ya Butler. Walikuwa watumwa wa Kanali Charles Mallory, wakitumikishwa kujenga boma la mizinga la jeshi la Kusini, yaani majimbo ya watumwa yaliyojitenga na Marekani. Kesho yake Meja John Cary wa jeshi hilo la Kusini akaja na bendera nyeupe kuwadai, kwa sheria ya mwaka 1850 iliyotaka mtumwa mtoro arudishwe kwa bwana wake.

Butler alikuwa wakili wa Massachusetts kabla ya kuvaa magwanda. Akamjibu: mnadai Virginia sasa ni nchi ya kigeni, basi sheria ya Marekani mnaidai kwa lipi? Na kama hawa ni mali, kama msemavyo wenyewe, basi ni mali ya adui inayotumika vitani, nami naishikilia.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Alichukua hoja ya mabwana wenyewe akawafunga nayo mikono. Habari zikasambaa, na ndani ya siku chache watu wakawa wanaingia ngomeni na wake na watoto. Agosti Bunge likapitisha sheria ya kutaifisha watumwa waliotumikishwa vitani na upande wa Kusini.

*Jibu:*

Mkuu, umesimulia vizuri ila umeruka pabaya. Butler huyohuyo alimwambia Cary kwamba Kanali Mallory akija kula kiapo cha utii kwa Marekani atarudishiwa watu wake. Mkombozi gani anaweka sharti hilo? Mwezi mmoja nyuma, akiwa Annapolis, alimwahidi gavana wa Maryland kwamba askari wake wako tayari kuzima uasi wowote wa watumwa. Na katika barua yake kwa wakubwa aliwapigia hesabu waliokimbilia kwake: dola 60,000. Watu hao!

Waliojikomboa ni wale watatu. Ndio waliopiga makasia gizani bila kujua kama wangepokelewa au wangerudishwa kwenye viboko. Butler alikuta jambo limeshafanyika akalitafutia maneno ya kisheria, na maneno yenyewe yaliendelea kuwaita mali.

*Mwanzisha mada:*

La Annapolis ni kweli na linaniuma. Na kwamba watatu wale ndio walioanza, hilo sibishani nalo hata kidogo, majina yao yatangulie.

Lakini ujasiri wa mtoro peke yake haukutosha. Machi 1861, kule Fort Pickens, Florida, watumwa nao walikimbilia ngome ya jeshi hilohilo la Marekani. Luteni Adam Slemmer akawarudisha kwa wakuu wa mji wa Pensacola. Matumaini yalikuwa yaleyale, sheria ileile. Kilichotofautiana ni mtu aliyesimama langoni. Hili wanaompuuza Butler hawaligusi.

Alipoutawala mji wa New Orleans kijeshi alifanya mengi mabaya. Amri yake namba 28 ya Mei 1862, kwamba mwanamke atakayemtukana askari atahesabiwa kama kahaba, siitetei.

Ila tazama alikoishia mtu aliyempigia Jefferson Davis, baadaye rais wa Kusini, kura mara kadhaa katika mkutano wa chama cha Democrats wa kuteua mgombea urais mwaka 1860. Septemba 1864 aliwatanguliza askari weusi katika mapigano ya New Market Heights, Virginia, na 14 kati yao wakapata Nishani ya Heshima. Akiwa mbunge alipigania sheria ya 1871 dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua watu weusi. Mwaka 1883, akiwa gavana wa Massachusetts, alimteua George Ruffin kuwa hakimu, mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo katika jimbo hilo.

Mkuu, nijibu la Fort Pickens kwanza.