Nimesafisha skripti ya JavaScript, sasa majibu yote ya maabara yanakwenda kifikio kimoja

fundi_arua

Habari zenu ndugu zangu. Niko Arua, nasimamia mifumo ya kompyuta katika hospitali moja ya huku West Nile. Nina jambo limeninyima usingizi tangu Ijumaa, naomba mwenye uzoefu anisaidie.

Tunatumia Mirth Connect toleo 4.5.2 kama karani wa katikati. Mashine za maabara hutuma majibu kwa HL7 toleo la 2 (muundo ambao mifumo ya hospitali hupeana taarifa), ujumbe wa ORU^R01, yaani ujumbe wa majibu ya vipimo. Mirth inausoma, inabadilisha kodi za vipimo, halafu inaupeleka unakotakiwa. Vifikio ni vinne: Wodi, Wajawazito, Kifua Kikuu, na cha nne nilichokiita Mengineyo, ambacho kinaandika ujumbe kwenye faili tu. Hicho ni cha vipimo ambavyo bado sijavipangia njia.

Njia huamuliwa na skripti moja kwenye kigeuzi cha upande wa kupokea. Niliirithi kwa aliyenitangulia. Ilikuwa `if` ndani ya `if`, mistari kama 600, lakini ilifanya kazi. Alhamisi jioni nikasema leo naipanga. Nikatoa zile `if` zote, nikaweka hivi (OBR ni mstari wa ujumbe unaotaja kipimo, OBR.4.1 ni kodi yake, HB ni hemoglobini, na `destinationSet` ni orodha ya vifikio):

```
switch (msg['OBR']['OBR.4']['OBR.4.1']) {
  case 'HB':
    destinationSet.removeAllExcept(['Wajawazito', 'Wodi']);
    break;
  case 'TB':
    destinationSet.removeAllExcept('Kifua Kikuu');
    break;
  default:
    destinationSet.removeAllExcept('Mengineyo');
}
```

Vipimo vingine vinafuata mtindo huo huo, nimevikata hapa. Logi haina kosa hata moja na chaneli zote ni za kijani. Lakini tangu hapo kila jibu linakwenda Mengineyo. Kila jibu.

Sikuambiwa na kompyuta. Ijumaa saa nane mchana mkunga wa kliniki ya wajawazito alikuja mwenyewe kwa miguu kuuliza majibu ya mama aliyetolewa damu asubuhi. Jibu lilikuwa tayari tangu saa nne: hemoglobini 5.8. Limelala kwenye faili ambalo hakuna mtu analifungua. Tulimwahi, akaongezewa damu, anaendelea vizuri. Ila uso wa yule mkunga aliposoma ile namba bado ninao.

Nimerudisha skripti ya zamani na kazi inakwenda. Lakini nataka kuelewa. Nimechapisha OBR.4.1 kwenye logi kwa `logger.info`, inaonyesha HB, herufi mbili, hakuna nafasi mbele wala nyuma. Kwa nini `case 'HB'` haiioni? Na la pili, uamuzi wa njia ukae kwenye skripti moja namna hii, au kila kifikio kiwe na kichujio chake?

mama_seva, Mbarara

Pole ndugu wa Arua, na mshukuru huyo mkunga kwa kutembea. Umefanya vizuri kuuliza badala ya kurudisha ya zamani na kunyamaza.

Kinachotoka kwenye `msg` si maandishi, ni kipande cha XML. Mirth ikipokea HL7 huigeuza kwanza kuwa XML, na injini ya JavaScript iliyomo ndani yake, Rhino (haihusu kambi ya wakimbizi ya Rhino Camp ya kwenu, majina yamekutana tu), hukupa vipande hivyo kwa utaratibu uitwao E4X. Ukikichapisha kwenye logi, kipande kinajigeuza maandishi, ndiyo maana unaona HB. Ukikilinganisha kwa `==` kinajigeuza vilevile, na bila shaka skripti ya aliyekutangulia ilitumia `==`. Lakini `switch` hulinganisha kama `===`, ambayo haigeuzi kitu. Huku XML, kule maandishi, jibu ni hapana, na litakuwa hapana mpaka kiama. Wala si kosa la programu, kwa hiyo logi haina la kusema. Dawa ni kukigeuza wewe mwenyewe kabla ya kukitumia:

`var kodi = msg['OBR']['OBR.4']['OBR.4.1'].toString();`

Ukiishia hapo utarudi tena hapa wiki ijayo. Mama mjamzito hapimwi kitu kimoja. Akipimwa hemoglobini na malaria kwa pamoja, ujumbe mmoja unaweza kuja na mistari miwili ya OBR. Hapo `msg['OBR']` si kipande kimoja tena, ni orodha, na `toString()` ya orodha hiyo inakupa vipande vyote pamoja na alama zake za XML. Haitafanana na HB, wala na MAL, wala na chochote. Kwa hiyo pita kwenye OBR moja moja:

```
var njia = [];
for each (var obr in msg.OBR) {
  var kodi = obr['OBR.4']['OBR.4.1'].toString();
  var k = kipimo[kodi];
  njia = njia.concat(k ? k.njia : ['Mengineyo']);
}
destinationSet.removeAllExcept(njia);
```

Tazama kwamba `removeAllExcept` nimeiita mara moja tu, nje ya mzunguko. Ukiiita ndani, mara ya kwanza inabakiza Wajawazito na Wodi, mara ya pili inaambiwa ibakize Kifua Kikuu peke yake, ambacho kilishaondolewa. Unabaki huna kifikio hata kimoja. Hilo lilinipata mimi mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii na lilinichukua siku mbili kuliona.

Hiyo `kipimo` ni jedwali. Liweke kwenye maktaba ya vijisehemu vya kodi, si ndani ya kigeuzi: HB na HGB zote ziende 718-7 ya LOINC (orodha ya kimataifa ya kodi za vipimo), na kila moja iwe na orodha ya njia zake. Mashine mpya ikija na jina lake la hemoglobini, unaongeza mstari mmoja na mantiki huigusi. Mkuu wa maabara akiomba kuliona unamchapishia, naye atalisoma bila kujua JavaScript. Kwetu yeye ndiye aliyegundua kosa kwenye jedwali, sikuligundua mimi.

Swali lako la pili: `destinationSet` ni nyepesi kwa sababu kifikio kilichoondolewa hakitengenezewi rekodi yoyote. Wepesi huo unaulipia, maana hakuna alama inayobaki kuonyesha kwamba ujumbe ulizuiwa kwenda Wodi. Kichujio cha kwenye kifikio chenyewe huacha hali ya kwamba ujumbe ulichujwa, na unaweza kuutafuta. Kwa idadi ya ujumbe wa hospitali ya wilaya uzito huo seva haitausikia. Kwa kitu kinachogusa mgonjwa mimi nachagua kilicho na alama.

kaka_jinja

Nakubaliana na mama_seva kuhusu `===`, lakini kwa njia naenda mbali zaidi yake. Mimi natumia Apache Camel, programu nyingine ya kupitisha ujumbe, na skripti za Groovy, si kwenye afya, ni kwenye malipo. Kanuni yetu ni kwamba skripti inabadilisha ujumbe tu, haichagui unakwenda wapi. Kuchagua kunaandikwa kwenye njia yenyewe kwa `choice`, `when` na `otherwise`, mahali ambapo mtu mwingine anaona matawi yote bila kufungua skripti. Kazi kama namba ya simu, kutoa 0 ya mwanzo na kuweka 256, hiyo ndiyo ya skripti.

Jambo jingine ambalo sijaona limeguswa: mashine ya maabara iliambiwa nini? Kama chaneli yako imewekwa ijibu kabla ya kuchakata, mashine inapewa AA (umekubaliwa) papo hapo, hata kama ujumbe utatupwa hatua inayofuata. Mtu wa maabara anaona imepokelewa, anaendelea na sampuli nyingine. Weka jibu litoke baada ya kigeuzi cha upande wa kupokea, utaona tofauti.

Na kwa kuwa uko 4.5.2, ujue hilo ndilo toleo la mwisho la Mirth lililo huria, kuanzia 4.6 ni la leseni ya kulipia. Kuna Open Integration Engine iliyotoka kwenye kodi hiyo hiyo. Hamia ukiwa huna haraka.

fundi_arua

Asanteni sana, dada na kaka. `toString()` imefanya kazi, na jedwali limekaa. Nimepitisha ujumbe wa zamani 200 kwenye chaneli ya majaribio, ikiwemo yenye OBR mbili na tatu, yote imefika.

Lakini nilipobadilisha lile jibu alivyosema kaka_jinja, mashine moja ilianza kurudishiwa AR (umekataliwa). Nikafuata. Kumbe juu kabisa, kwenye kichujio cha kupokea, kuna mstari huu tangu enzi za mwenzangu:

`return nin.length == 14;`

NIN, namba ya kitambulisho cha taifa ya raia, ina herufi na tarakimu 14, inaanza na CM au CF, kwa hiyo mtu aliona ni njia nzuri ya kuzuia ujumbe mbovu. Wakimbizi wa Imvepi na Rhino Camp hawana NIN. Wala ndugu zetu wanaovuka kutoka Kongo kuja kutibiwa. Majibu yao hayafiki hata Mengineyo, yanafia mlangoni. Ile namba ya zilizochujwa kwenye dashibodi nilikuwa naiona kila siku, nikidhani ni ujumbe wa majaribio wa fundi wa mashine.

Kwa mwezi huu peke yake ni watu 37. Nimeufuta mstari. Hawa 37 niwafanyeje? Niuchakate ujumbe wao upya?

mama_seva, Mbarara

Usianze na kompyuta. Chapisha yote 37 kwenye karatasi, mpe daktari wa zamu leo hii, yeye aseme nani anatafutwa kwanza.

Kisha utambulisho. PID.3, sehemu ya ujumbe yenye namba za mgonjwa, inaweza kurudiwa, na kila namba ina aina yake kwenye PID.3.5. Pita kwenye marudio yote, tafuta iliyoandikwa MR, namba ya hospitali, hiyo ndiyo umtambue nayo mgonjwa. NIN ikiwepo ipite, isipokuwepo ujumbe upite vilevile. Ambaye hana hata MR apelekwe kwenye foleni inayoangaliwa na mtu, na foleni hiyo ikifika ujumbe mmoja simu yako ilie. Mengineyo nayo ifanyie hivyo hivyo.

Ndipo uchakate upya. Kabla ya hapo hakikisha mfumo wa wodi unasoma OBR.7, muda sampuli ilipochukuliwa. Ukisoma muda ambao ujumbe ulifika, hemoglobini ya wiki tatu zilizopita itaonekana ni ya leo, na mtu ataongezewa damu kwa jibu la zamani.

fundi_arua

Wodi ilikuwa inasoma MSH.7, muda wa ujumbe wenyewe. Nimeirekebisha, nimejaribu kwa jumbe tatu za zamani, tarehe zimekaa sawa.

Daktari amepitia karatasi. Watu 9 amewatia alama nyekundu. Mkunga yule yule amepata namba za simu za 5, wanne waliobaki wako Imvepi, kesho asubuhi anaondoka na gari la chanjo akiwa na majina yao.