Mada: Nyanya ninayemtunza ananipa tiketi za okestra. Nichukue?

Kutoka: Nyar Ahero
Jumapili, saa 3 usiku

Wanakwetu, hamjambo. Mnisamehe nikiandika ovyo, nimetoka shifti mbili mfululizo.

Mnajua ninatunza nyanya mmoja hapa Minneapolis, ana miaka 88. Kwa miaka mingi amekuwa na kiti chake Orchestra Hall, ukumbi wa Minnesota Orchestra, anakilipia msimu mzima kwa mkupuo kama sisi tunavyolipa karo. Tangu nyonga ivunjike hajaenda. Juzi nikiwa navaa koti nikakuta bahasha mfukoni: tiketi mbili, Alhamisi saa tano asubuhi. "Nenda na binti yako," akaniambia. Nikashukuru, kisha sikulala. Ajensi yetu ilitutaka tutie sahihi kwamba hatupokei zawadi ya mteja, hata chokoleti. Mwaka juzi dada mmoja alisimamishwa kazi kwa ajili ya blanketi.

La pili. Huyo binti, miaka 10, ameleta barua ya shule: kila mtoto achague ala. Ameweka alama kwenye fidla. Mimi nimekulia Ahero, ala nilizozijua ni orutu ya jirani na ngoma ya kanisani. Fidla inakodishwaje? Na huko ukumbini mtu anavaa nini, makofi yanapigwa lini? Nisije nikaiaibisha Nyanza nzima.

Kutoka: Mwana wa Shinyalu
Jumapili, saa 5 usiku

Dada Nyar Ahero, pole na shifti.

Tiketi kwanza. Usizichukue kimyakimya, wala usizirudishe kimyakimya. Kesho asubuhi mpigie msimamizi wako, mweleze ilivyokuwa, aandike kwenye faili. Kisha muulize swali moja tu: je, nyanya anaweza kwenda mwenyewe, wewe ukimsindikiza kama sehemu ya kazi? Ukumbi una nafasi za viti vya magurudumu, na ile ya Alhamisi asubuhi ndiyo wazee wanayoipenda, hakuna kurudi nyumbani gizani kwenye barafu. Akishindwa kutoka kabisa, yeye mwenyewe azirudishe ofisi ya tiketi kama mchango wake. Hapo hakuna wa kukunyoshea kidole.

Sasa niambie ni nani alikudanganya kwamba kule ni kwa wenyewe. Mimi ni dereva wa basi la shule, na kila mwaka nawapeleka watoto kwenye maonyesho ya asubuhi ya Minnesota Orchestra. Haya ya watoto wameyafanya tangu 1911. Okestra yenyewe ilianza 1903, kwa hiyo ilikuwa na miaka minane tu walipokumbuka kuwaita watoto.

Mara ya kwanza nilibaki kwenye basi. Nje ilikuwa digrii 20 chini ya sifuri. Mwalimu akanihurumia, akaniita ndani, nikakaa nyuma kabisa na koti langu la kazi. Dari ya ule ukumbi na ukuta wa nyuma ya jukwaa umejaa vipande vya pembe nne vilivyochomoza kila upande, kama mtu aliyemwaga sukari ya vipande kwenye simenti mbichi. Wanasema ndivyo sauti inavyotawanywa isigonge mahali pamoja. Wapigaji wakaingia na nguo nyeusi. Mtoto mmoja mbele yangu akauliza kwa sauti nani amekufa. Halafu mwenye obo, ile ala nyembamba ya kupuliza, akapiga noti moja, akaishikilia, na wote wakaifuata kulinganisha sauti za ala zao. Nikaikumbuka bendi yetu ya Jeshi la Wokovu. Sisi tulikuwa tunafuata koneti ya afisa, na jua la saa saba likishaipasha moto, sauti yake ilipanda na sisi sote tukapanda nayo hadi akina mama wakashindwa kuimba.

Mwaka wao unakwenda hivi. Msimu mkubwa unaanza Septemba hadi Juni. Desemba ni za Krismasi na familia, tiketi huisha mapema. Siku za wiki asubuhi kuna za shule, na shule ndiyo inayopanga, wewe unatia sahihi karatasi tu. Kiangazi huwa na siku wanazopiga nje kwenye bustani bila kiingilio. Hizo nenda na mkeka na chapati. Ijumaa usiku redio, 99.5 FM, huwa inarusha tamasha moja kwa moja kutoka ukumbini. Mlio kwenye shifti za usiku na wazee, jaribuni hiyo badala ya televisheni ya kupiga kelele.

Na wanatoka pia. Agosti 2018 walikwenda Afrika Kusini, mwaka Mandela angetimiza 100, wakapiga hadi Soweto ndani ya kanisa la Regina Mundi. Na Mei 2023 walipiga kazi mpya ya mtunzi Carlos Simon, waliyomwagiza baada ya George Floyd, yule Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi hapa hapa mjini. Abiria wangu wa kanisani waliokwenda usiku ule walitoka hawaongei, hadi tukafika Brooklyn Park.

Mavazi: nguo zako za Jumapili zinatosha na kubaki. Makofi: simfoni moja huwa na vipande, mara nyingi vinne, na katikati watu hukaa kimya. Wewe mtazame kondakta. (Kondakta huyu hadai nauli. Sasa hivi ni Thomas Søndergård, mtu wa Denmark, amekuwa nao tangu 2023.) Mikono yake ikiwa bado juu, yako iwe mapajani. Akigeuka akawatazama, piga.

Ya fidla nawaachia waliokwisha kuumwa.

Kutoka: Mjukuu wa Menengai
Jumatatu, saa 1 asubuhi

Aliyeumwa ni mimi.

Nilikodi fidla ya kijana wangu dukani, dola 25 kwa mwezi, nikatia sahihi nikiwa nimesimama. Baada ya miezi 14 nikaenda kuirudisha nikifikiri nimeshainunua nusu. Kumbe ile pesa haikuwa inahesabiwa kwenye bei ya kununua, na mkwaruzo mmoja wa sentimita mbili nikaulipia kando. Kwa hiyo, dada, kabla ya kalamu uliza matatu: kodi inahesabiwa kwenye kununua au la, bima ya kuvunjika iko ndani au ni ya ziada, na mtoto akikua unabadilishiwa saizi bure? Maana zina saizi: robo, nusu, robo tatu, kamili. Miaka 10 huwa ni nusu au robo tatu, lakini usitumie umri. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto, fidla ikae shingoni, vidole vikikunje kile kichwa cha mwisho bila kujivuta. Ukinunua kubwa "atakua nayo" kama sare ya shule, utamharibu bega.

Kuhusu okestra, msiimbe sifa sana. Ile ni harambee. Tiketi haziwezi kulipa hata nusu ya gharama za okestra kubwa za nchi hii. Kinachobaki ni michango ya matajiri, wakfu na mashirika. Na harambee ikikauka mnajua kinachofuata. Oktoba 2012 wenye kusimamia waliwafungia wapigaji nje, hakuna mshahara, hadi Januari 2014. Wapigaji wakaandaa matamasha yao wenyewe. Mwongozaji wa wakati huo, Osmo Vänskä, akajiuzulu, baadaye akarudi. Na mwezi ule ule wa kupatana wakashinda tuzo ya muziki ya Grammy kwa rekodi ya simfoni za mtunzi Sibelius. Mimi nilikuwa mgeni hapa, nikaona watu wazima wenye fidla za bei ya shamba la Molo wakigawa karatasi barabarani kama walimu wa kwetu.

Ukinunua tiketi moja watakuandikia barua za kuomba mchango mpaka uhame. Ukiwa huna, usitoe. Jina lako halitasomwa kanisani.

Ila tuseme ukweli, kwa pesa hizo si heri ukalipia mtoto wa ndugu karo? Huu ni muziki wa wazungu.

Kutoka: Mama Pacha
Jumatatu, saa 4 asubuhi

Nasema moja tu kisha nirudi kazini. Pacha wangu mmoja ana usonji. Kanisani tunakaa mlangoni ili tuweze kutoka. Okestra hiyo hiyo ina matamasha mafupi ya familia ambapo mtoto anaruhusiwa kusimama, kuzunguka, kutoa sauti, na taa hazizimwi zote. Ukinunua tiketi waulize ni tarehe gani. Tulikaa dakika zote. Sikumbuki walipiga nini, nilikuwa nawatazama watu wasiogeuka kututazama.

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Kisumu
Jumatatu, saa 2 usiku

Wanangu, mimi nilirudi nyumbani baada ya miaka 19 huko, lakini barua zenu bado nazisoma. Huku Jumamosi nina watoto saba katika ukumbi wa kanisa si mbali na soko la Kibuye, na fidla tatu. Wanne husubiri huku wakipiga makofi ya mapigo.

Mjukuu wa Menengai, mwanangu, noti si za wazungu zaidi ya vile simenti ilivyo yao. Mwaka 1963 wimbo wetu wa taifa ulitayarishwa na watu watano waliojua kuziandika, Washington Omondi na Peter Kibukosya wakiwamo, na sauti waliyoichukua ni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927. Mlipokuwa shuleni mliimba humo, wengine wenu kwa kulazimishwa. Na orutu, Nyar Ahero, ni nini kama si fidla? Ina upinde, ina uzi, imewambwa ngozi ya kenge. Mtoto aliyemwona babu akiipiga haiogopi fidla. Huniuliza tu nyuzi nne ni za nini.

Sasa yangu ya kufaa. Najua Desemba wengi mnakuja, na mtoto hataki kuacha ala yake. Huko kwenu, moto wa nyumba hukausha mbao. Vigingi vya kukazia nyuzi husinyaa, asubuhi mnakuta nyuzi zote zimelala. Hapa ni kinyume. Hewa ya ziwa ikiingia, vigingi vinavimba na kung'ang'ania kama mlango wa choo wakati wa masika. Vikilegea, sugua chaki. Viking'ang'ania, sugua sabuni kavu kidogo, ile ya mche, au risasi ya penseli. Msitumie mafuta, nimeshafuta mafuta ya kupikia kwenye fidla mbili.

Kwenye ndege, ibebe mkononi. Tangu 2015 kanuni za Marekani zinayataka mashirika ya huko kuiruhusu fidla ndani ikiwa kuna nafasi wakati wa kupanda. Lakini ndege ya pili, inayowafikisha Nairobi, huenda si ya Marekani, kwa hiyo someni masharti yake kabla ya kulipa. Legezeni nyuzi kidogo, zisiondolewe. Na mzungu mwema akikupa upinde wa zamani, tazama nchani: baadhi ziliwekwa kibandiko cheupe cha pembe ya ndovu. Serikali yetu iliteketeza tani 105 za pembe mwaka 2016. Usitarajie afisa wa forodha akusikilize habari za sauti tamu.

Mkija, viatu vya mitumba vipo tele Kibuye. Nileteeni nyuzi za fidla na ulimbo wa kusugua upinde. Ulimbo niliobaki nao ni mdogo kama jino.

Kutoka: Nyar Ahero
Ijumaa, wiki tatu baadaye, saa 8 mchana

Wanakwetu, nimerudi na habari.

Msimamizi hakukasirika hata kidogo. Alisema shida yao ni vitu vinavyofichwa. Tiketi za siku ile zilirudishwa, na nyanya mwenyewe akapiga simu akabadilishiwa mbili za jana, nafasi ya kiti cha magurudumu na kiti cha msindikizaji. Nikaandikwa kazini. Kwa hiyo nimesikiliza simfoni nikilipwa kwa saa, mwambieni Mjukuu wa Menengai.

Nyanya alivaa mkufu ambao sijawahi kuuona. Kabla hatujaingia akanifungulia peremende zote nne alizobeba, akazitoa kwenye karatasi moja moja, akazifunga kwenye kitambaa. Akasema karatasi ya peremende ndani ya ukumbi ni sawa na bunduki. Makoti tuliyaacha mlangoni tukapewa kibati chenye namba. Nilikishika mkononi mpaka kikaniachia alama.

Na niliaibisha Nyanza. Kipande cha kwanza kilikwisha kwa kishindo, mikono ya kondakta sikuiona kwa sababu nilikuwa natazama ngoma kubwa, nikapiga makofi. Peke yangu, ukumbi mzima. Nyanya akaniangalia, kisha na yeye akaanza kupiga. Wakaongezeka wengine kama watano. Kondakta akageuza kichwa kidogo, akatabasamu, akaendelea.

Binti amepimwa: nusu. Nimekodi duka jingine, kodi inahesabiwa, bima imo, nimesoma kila mstari nikiwa nimeketi. Shule yao inaenda ukumbini mwezi ujao. Mwana wa Shinyalu, huenda ukawa ndiye dereva. Ni yule mwenye kofia ya kijani, usimpe kiti cha nyuma, hutapika.

Mwalimu, nimenunua ulimbo vipande vitano na seti nne za nyuzi, shemeji yake Mama Pacha anasafiri tarehe 12 Desemba. Mwenye duka ameniuliza swali nikashindwa kujibu: zile fidla zako tatu ni za saizi gani?