Naomba ushauri: kumpima senta wa chuo kwa ajili ya timu mpya ya WNBA

Wakuu, habari. Nachambua wachezaji wa vyuo vya Marekani kwa jicho la timu mpya ya WNBA (ligi ya kikapu ya wanawake Marekani), na kuna mahali hesabu inagoma.

Golden State Valkyries walipoingia ligi mwaka 2025, kila moja ya timu 12 zilizokuwepo ililinda wachezaji 6 wasichukuliwe, nao Valkyries hawakuruhusiwa kuchukua zaidi ya mmoja kwa timu. Nyota huko hupati, labda wa benchi wenye njaa. Ndiyo maana drafti ya vyuo, yaani kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni, haitaki makosa.

Kinachonisumbua ni masenta, wale warefu wa chini ya kikapu. Chuoni senta anaweza kuganda chini ya kikapu akisubiri bloku, yaani kuzuia mtupo wa mpinzani. WNBA ina kanuni ya sekunde 3: mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa eneo la chini ya kikapu zaidi ya hapo, kwa hiyo sehemu ya bloku hizo inayeyuka. Saa ya kushambulia (muda wa timu kurusha mpira) nayo inashuka kutoka sekunde 30 hadi 24. Kwenye video natazama miguu: akivutwa nje kwenye skrini (mpinzani anaposimama kumzibia njia mlinzi), anawahi kurudi au anageuka kama lori la mchanga?

Mstari wa pointi tatu hauna shida, umbali wa chuo na wa WNBA ulishalinganishwa. Ila senta aliyerusha mitupo 40 tu ya pointi tatu msimu mzima, asilimia yake siiamini. Kuupima mkono wake, naangalia mitupo huru kwanza.

Je, bloku za chuoni mnazipunguza kwa kiasi gani? Na takwimu za mechi dhidi ya vyuo dhaifu mnazitupa zote, au mnazipa nusu uzito?