Sikio moja limezima baada ya upasuaji: CROS, BAHA, kupandikiza au kuzoea tu?

Mwalimu_Moro
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nilitolewa uvimbe kwenye neva ya kusikia, upande wa kushoto. Haukuwa saratani, uso haukupinda, kizunguzungu kimepungua, namshukuru Mungu. Ila sikio la kushoto limeondoka kabisa. Taabu yangu iko darasani: mwanafunzi akijibu sijui sauti imetoka dawati lipi, nabaki kugeuza kichwa kama feni. Ofisini nako, mwenzangu akinisemesha kwa kushoto anadhani namdharau. Nilikopasuliwa waliniambia "utazoea", basi. Nimesikia habari za vifaa vya kusaidia kusikia, CROS ya kuvaa na BAHA ya kwenye mfupa, na kupandikiza kifaa ndani ya sikio. Waliopitia haya, mlichagua nini na kwa nini?

Bint_Makorora
Pole sana mwalimu. Mimi nakaa kaunta kutwa nzima na navaa CROS. Ni vipande viwili: sikio bovu linavaa maikrofoni, inarusha sauti bila waya kwenda kwenye kipokezi kilicho sikio zima. Hukatwi popote, na ukiona hakikufai unavua. Mteja akisimama upande wa kushoto namsikia bila kugeuka.
Ubaya wake nao useme. Jenereta la jirani likinguruma upande mbovu, maikrofoni inalibeba na kulileta kwenye sikio zima, wakati zamani kichwa chenyewe kilikuwa kinalikinga. Saa hizo naizima. Halafu sisitiza kile kipira cha kuingia sikioni kiwe na matundu, wasije wakakuziba sikio unalolitegemea.

Kliniki_ya_Masikio
Kazi yangu ni kupima usikivu, kwa hiyo niseme jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. CROS na BAHA hazifufui sikio. Zinachukua sauti ya upande uliokufa na kuipeleka kwenye sikio zima, moja kwa hewa, nyingine kwa mfupa wa fuvu. Ubongo hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili: lipi limeipata mapema, lipi limeipata kwa nguvu zaidi. Likibaki moja hakuna cha kulinganisha. Kwa hiyo mwalimu, suala la dawati lipi halitatatuliwa na CROS wala BAHA. Zitakachokusaidia ni kushika maneno ya mtu aliye kushoto, kwa sababu kichwa huzuia zaidi sauti nyembamba, zile s, f, sh na t. Irabu zinapita. Ndiyo maana unasikia kwamba mtu anaongea lakini hujui kasema nini.
Kinachoweza kurudisha kusikia upande huo ni kupandikiza kifaa ndani ya koklea, yaani kile kikonokono cha sikio la ndani kinachopokea sauti, ila lazima neva ya kusikia iwe imebaki nzima. Umeambiwa walipitia wapi? Wakipita kwenye labirinti ya sikio la ndani, usikivu hupotea, lakini mara nyingine neva husalimika. Wakipita nyuma ya sikio huwa wanajaribu kuokoa vyote, na si kila mara wanaweza. Omba ripoti ya upasuaji, usitegemee maneno ya mdomo.

Makorora_hadi_Göteborg
Mimi nina BAHA. Niko Sweden, na ni hapa Göteborg wagonjwa wa kwanza waliwekewa mwaka 1977. Ni skrubu ya titani kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mfupa unaishika, kisha unabandika kifaa juu yake. Kabla ya kukubali kisu nilipewa kifaa hichohicho kwenye mkanda wa kichwa nikaenda nacho nyumbani. Mwalimu, dai mkanda huo. Watu wengine huvua siku ileile, na wamejiokolea upasuaji.
Karaha ndogondogo: ngozi inayozunguka skrubu inataka kusafishwa kila siku, la sivyo inavimba na kutoa maji. Na dada zangu wa mtandio, kitambaa kikisugua maikrofoni unasikia mchakacho kichwani mwote. Mimi nafunga cha pamba laini, nakilegeza upande ule.

Babu_Ukonga
Mwanangu, sikio langu la kulia lilikufa zamani na sijavaa kitu. Kwenye daladala nakaa dirisha la kulia, abiria wote wanabaki upande wa sikio zima. Msibani nakaa pembeni kabisa, ukuta uwe kulia kwangu. Wajukuu wanajua kunigusa bega kwanza. Barabarani sitegemei masikio, honi ya bodaboda naisikia ila sijui inakotoka, natazama pande zote. Simu sishiki nikivuka. Pesa ya mashine nimejengea.

Kliniki_ya_Masikio
Mzee, shikamoo. Hayo yote nayafundisha, hata kwa wenye vifaa. Ila mwalimu hawezi kuchagua wanafunzi wakae wapi somo zima.

Mjukuu_wa_Bibi
Mjomba wangu alipandikizwa, India. Yeye hakuwa na uvimbe: sikio lilitoa usaha miaka mingi, wakalisafisha kwa upasuaji, usikivu ukaenda. Neva ilikuwa nzima. Mwanzoni alilalamika kwamba anasikia mibofyo na sauti za kibati, akataka kukitupa. Mazoezi yake yalikuwa haya: kisomo cha Qurani kinaingizwa moja kwa moja kwenye kifaa, sikio zima lisisikie kitu, naye anafuatisha sura alizohifadhi. Polepole kibati kikageuka maneno. Mlio wa sikioni uliokuwa ukimnyima usingizi nao umepungua, ingawa si wote wanaobahatika hivyo. Marekani waliidhinisha kwa watu wa sikio moja mwaka 2019 tu, msishangae daktari akisema ni jambo geni. Muhimbili wanapandikiza tangu 2017. Ulizeni, lakini mjue gharama ni kubwa.

Mwalimu_Moro
Asanteni sana. Natakiwa kurudi kupigwa picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, kila mwaka waangalie kama uvimbe umeota tena. Hilo linabadilisha chochote?

Kliniki_ya_Masikio
Sana. Kifaa chenye sumaku chini ya ngozi, kama hicho cha kupandikiza, huacha kivuli kwenye picha, na kivuli kinaangukia palepale wanapotaka kupaona. Skrubu ya titani haina shida hiyo kubwa, unavua kifaa tu. CROS unaivua yote. Kwa hali yako ningeanza na CROS ya majaribio pamoja na mkanda wa BAHA, darasani kwako, si kwenye chumba chetu kimya. Kupandikiza kuzungumzwe baada ya ripoti ya neva.
Na sikio la kulia lipimwe kila mwaka. Likianza kushuka, kuna CROS ya aina nyingine inayolikuzia sauti na lenyewe, wakati BAHA kwa hali kama yako inataka sikio zima liwe zima kwelikweli. Ukilazwa popote, kabla hawajakuchoma gentamaisini au streptomaisini, dawa zinazoweza kuharibu usikivu, waambie unasikia kwa sikio moja. Watafute dawa nyingine kama ipo.

Bint_Makorora
Nanyi mnaotumia spika za masikioni: kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono. La sivyo nusu ya muziki inaenda sikio lisilosikia.