Gia inachomoka katika mashine kuukuu ya kukereza chuma

Swali: Wakuu, gia ya kati ya mashine yangu huchomoka yenyewe kila ninapokata kwa kina, ingawa nikikata kidogo hutulia. Chini ya oili nimekuta vumbi la rangi ya dhahabu. Je, ninunue gia nyingine?

Jibu: Subiri kwanza. Vumbi hilo huenda linatoka kwenye bushi (bomba fupi ambamo shafti huzunguka) au uma wa shaba unaosukuma gia, na ncha za uma zikilika, meno hushikana nusu tu. Kagua pia springi na gololi inayofunga shafti ya uma, kwa sababu springi ikichoka hakuna kinachoizuia gia kurudi nyuma.

Jibu: Naafiki, ila usimimine oili yoyote ya difu (gia za ekseli ya gari), kwa kuwa baadhi zina salfa inayokula shaba. Mimi hutumia ya haidroli ya daraja la 68 la uzito wa oili, baada ya kulinganisha na kibao cha mashine.

Muulizaji: Springi ni nzima. Uma umelika karibu milimita 2, upande mmoja tu.

Jibu: Basi ujaze kwa shaba ya kulehemu, kisha usawazishe kwa tupa taratibu hadi gia izunguke bila kubanwa.