Mjadala: Watafiti wa rushwa wanamchunguza nani hasa?

Mtu wa Chumbageni
Naomba tujadili kwa utulivu jambo linalonisumbua tangu nianze kusoma kazi za wanazuoni kuhusu rushwa ya kisiasa. Kila mwaka Transparency International, shirika lenye makao yake Berlin, hutangaza fahirisi ya mtazamo wa rushwa, nasi huambiwa kwamba nchi yetu ya Tanzania imepanda au imeshuka: alama 35 mwaka 2012, alama 41 mwaka 2024, kwa kipimo ambacho 100 ni usafi na 0 ni uoza mtupu. Alama hizo hazitokani na hesabu ya fedha zilizoibwa, bali na maoni ya wataalamu na wafanyabiashara. Zile tafiti zinazohesabu kweli, kama ile ya Ritva Reinikka na Jakob Svensson iliyoonyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi za Uganda zilifikiwa na wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa, huishia kwenye ofisi za wilaya, na mkubwa hatumwoni. Je, elimu hii inatufaa nini sisi wa Tanga ikiwa mwizi mkubwa hapimiki? Na tusijidanganye kwamba tatizo liko juu peke yake, maana hata bibi zetu wa Ngamiani huuza kura kwa doti moja ya khanga na sahani ya pilau.

Bint Ngamiani
Kaka wa Chumbageni, ya Berlin na ya Uganda ningeyaacha yapite, lakini hilo la bibi zetu halipiti. Tume ya Jaji Warioba ya kuchunguza rushwa, iliyoundwa na Rais Mkapa mwaka 1996, iliwagawa wala rushwa mafungu mawili: wanaopokea kwa sababu kipato chao hakikidhi mahitaji, na wakubwa wanaopokea kwa tamaa ya kujilimbikizia mali. Bibi yangu simwoni katika fungu lolote, kwa kuwa hana ofisi, hana muhuri, na hajawahi kumwambia mtu aende arudi kesho. Anachopata kila baada ya miaka mitano ni khanga, tena ya kitambaa chepesi ambacho rangi yake huchuja kabla mbunge hajaapishwa. Ninyi wa Chumbageni hampangi foleni ya khanga, na si kwa sababu ya uadilifu. Ninyi hupigiwa simu.

Kijana wa Pongwe
Hilo la kupigiwa simu nimelipenda, nasubiri majibu. Ila mnagombana bure, kwani Mahakama ya Rufani ilikwisha kuipiga marufuku takrima, yaani zawadi za wagombea kwa wapiga kura, tangu enzi za Mzee Mkapa, na dawa ya rushwa inajulikana: mtu akilipwa mshahara wa kutosha hatakodolea macho mfuko wa mwenzake.

Wakili Mstaafu
Mwanangu wa Pongwe, sheria haitajwi kwa kukisia. Takrima iliingizwa katika Sheria ya Uchaguzi kwa marekebisho ya mwaka 2000, kwa hiyo enzi hizo za Mzee Mkapa ndipo iliporuhusiwa. Aliyeibatilisha si Mahakama ya Rufani bali ni Mahakama Kuu, mwezi Aprili 2006, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hoja iliyobeba shauri ilikuwa ya usawa mbele ya sheria, kwamba mgombea mwenye fedha hupewa nafasi ambayo asiye nazo hawezi kuipata hata akiwa na sera nzuri kiasi gani. Baadaye ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010.  Hiyo inahusu hasa gharama za wagombea na vyama.

Mkaguzi wa Zamani
Mimi nimechomwa na hilo la mshahara, kwa kuwa nimelitumikia taifa miaka mingi kwa mshahara mdogo na sikukodolea macho mfuko wa mtu. Nadharia ya kijana wetu imejaribiwa hapa hapa nchini. Mamlaka ya Mapato ilipoanza kazi Julai 1996, watumishi wa idara za zamani walitakiwa kuomba kazi upya, mishahara ikapandishwa kwa kiasi kikubwa, na mwanzoni makusanyo yakaongezeka kweli. Mtafiti wa Norway, Odd-Helge Fjeldstad, aliyefuatilia mageuzi hayo, alieleza kwamba baada ya muda mfupi rushwa ilirejea, na sababu alizozitaja zinafahamika kwa kila mwenye ukoo: mshahara ukipanda, jamaa wanaotegemea mfuko huo huo nao huongezeka na madai yao hukua. Baadhi ya walioachishwa kazi waligeuka kuwa washauri wa wafanyabiashara, kwa kuwa walijua vichochoro vyote. Ghana nao waliongeza mishahara ya polisi karibu maradufu mwaka 2010, na watafiti waliofuatilia safari za malori wakakuta kwamba polisi hao walidai fedha nyingi zaidi barabarani. Mchumi Robert Klitgaard aliandika kanuni yake ya rushwa mwaka 1988: chukua ukiritimba, jumlisha uhuru wa kuamua upendavyo, kisha ondoa uwajibikaji. Katika kanuni yenyewe mshahara haumo. Asiyeielewa amfikirie afisa mmoja mwenye muhuri pekee, na mbele yake mtu ambaye mzigo wake bandarini unalipiwa ghala kila siku inayopita.

Maalim wa Duga
Assalaam alaykum nyote. Kabla ya Klitgaard tulikuwa na mizani yetu, na madrasa za Tanga zimeisomesha kwa vizazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma mtu kukusanya zaka, naye akarudi akisema kwamba sehemu moja ni ya Waislamu na nyingine amepewa yeye zawadi. Mtume akahoji kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata. Hicho ni kipimo ambacho mtafiti yeyote anaweza kukitumia: liondoe cheo, kisha tazama kama zawadi inabaki. Ukarimu wa watu wa pwani haupimwi kwa kura, kwa sababu hatungoji mwaka wa uchaguzi ndipo tumkaribishe mgeni.

Bint Ngamiani
Shikamoo Maalim. Kwa kipimo hicho bibi yangu ameshinda kesi, kwani alikuwa amekaa nyumbani kwake, na zawadi ikamfuata huko huko.

Maalim wa Duga
Marahaba mwanangu, lakini umekisoma kipimo kichwa chini miguu juu. Swali ni kama zawadi ingekuja lau asingekuwa na kadi ya kupigia kura, na binti yake mwenye miaka kumi na sita, aliyeketi pembeni yake, mwulize alipewa nini.

Mama wa Makorora
Maalim amegusa penyewe. Mimi nilikuwapo katika mkutano mmoja wa namna hiyo, uani kwa mtu, tumetandikiwa mikeka na pilau inapakuliwa, na kilichonikaa moyoni si khanga wala pilau. Mlangoni alikaa kijana na kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula: safu ya kwanza jina, ya pili namba ya kadi ya mpiga kura, ya tatu mtaa, na ya nne alama ya vema ukishapokea doti yako. Jirani yangu aliyesahau kadi nyumbani alirudishwa akaifuate, juani, na ni mtu mzima wa kutembelea fimbo. Hakuna sherehe ya pwani, iwe harusi au maulidi, ambayo mgeni huambiwa arudi nyumbani kwa kukosa namba. Kaka wa Chumbageni akitaka kusema kwamba pale pana rushwa, nakubaliana naye, ila asiseme kwamba anayeuza ni aliyetumwa kwenda na fimbo kuifuata kadi.

Mdadisi wa Kaya
Turudi kwa watafiti, kwani mada ilikuwa yao. Nimefanya kazi ya udadisi katika tafiti kadhaa za kaya, na swali kuhusu rushwa huulizwa karibu kwa maneno yale yale: katika miezi 12 iliyopita, je, umewahi kutoa fedha au kitu ili upate huduma? Mara nyingi mwenyekiti wa mtaa aliyetuongoza huketi nasi barazani. Mzee mmoja alijibu "hapana" kwa sauti kubwa, akimtazama mwenyekiti, nami nikabonyeza "hapana" kwenye tableti. Aliponisindikiza hadi njiani akanieleza taratibu, hatua kwa hatua, alivyolipia "chai" mara tatu ili faili la kiwanja chake lisogee kutoka meza moja hadi nyingine, na siku aliyoacha kulipa faili likasemekana limepotea. Hayo hayakuingia popote, kwa sababu dodoso lilikuwa limekwisha kufungwa. Kwa hiyo tusizilaumu fahirisi za Berlin pekee kwa kutegemea maoni. Hata takwimu za nyumba kwa nyumba zina mtu aliyekaa pembeni akisikiliza.

Mwenyekiti Mstaafu
Nimekuwa mwenyekiti wa mtaa kwa vipindi viwili na sikubali kugeuzwa kizuizi cha ukweli. Barua ya utambulisho inayoletwa na wadadisi ndiyo inayotutaka tuwaongoze, tena bila posho wala maji ya kunywa, na tukiwaacha peke yao wakafukuzwa na mbwa, tunaulizwa sisi. Kama mzee alinitazama, huenda alinitazama kwa heshima.

Mtu wa Chumbageni
Nashukuru kwamba angalau mtu mmoja amerudi kwenye swali. Kama maneno ya watu hayaaminiki, basi tufanye alivyofanya Benjamin Olken nchini Indonesia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007: katika vijiji zaidi ya 600 vya Java, wahandisi walichimba vipande vya barabara mpya, wakakadiria mawe, mchanga na nguvu kazi vilivyotumika, kisha wakalinganisha gharama na kilichoandikwa kwenye hesabu. Vijiji vilivyoambiwa kwa uhakika kwamba wakaguzi wa serikali watakuja vilipunguza fedha zilizopotea kwa takriban pointi 8 za asilimia, ilhali kuwaalika wananchi mikutanoni kulileta mabadiliko madogo sana. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji baraza wala mwenyekiti. Na simu sijapigiwa.

Mkaguzi wa Zamani
Kokoto zinahesabika, ndugu yangu, lakini uamuzi wa barabara ipite wapi na zabuni apewe nani hauchimbwi kwa sururu. Aliyeamua hayo alikwisha kuchukua chake kabla ya tingatinga kufika. Na hata hilo la Uganda ulilolianza hukulimaliza: serikali ilipoanza kutangaza magazetini ruzuku zinazotumwa, kiasi kilichofika shuleni kilipanda hadi zaidi ya asilimia 80 mwaka 2001, kisha wachambuzi wengine wakauliza kama ni magazeti yaliyofanya kazi hiyo au ni mageuzi mengine ya fedha yaliyofanyika wakati ule ule. Utafiti unaoacha swali la namna hiyo wazi haujashindwa.

Wakili Mstaafu
Kwa kuwa mnaendelea kumtetea bibi, niseme pia kwamba kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humbana anayetoa na anayepokea. Huruma ni jambo jema, lakini si utetezi mahakamani.

Bint Ngamiani
Basi mzee wangu, kesi ifunguliwe, na wa kwanza kuitwa awe yule kijana wa kaunta buku, kwa kuwa ndiye mwenye orodha ya nani alipewa, siku gani, kwa namba ipi ya kadi, na bila shaka anajua risiti ya duka la khanga ilitoka kwa jina la nani. Kila mara nasikia watafiti wakimwuliza bibi kama alipokea; sijasikia hata mmoja akimwomba kijana daftari.

Mdadisi wa Kaya
Tukilipata daftari hilo, sehemu kubwa ya kazi yangu itakuwa imekwisha. Ama wewe, Mzee Mwenyekiti, barua zote za utambulisho nilizowahi kuzibeba humwomba mwenyekiti amtambulishe mdadisi kwa wenye nyumba. Hakuna hata moja iliyomwomba akae mpaka swali la mwisho.